Miezi Saba ya Mstari Mzima

Nimekuwa mchora mabango kwa miaka arobaini na mmoja, na sitaki mtu aniambie habari za mstari. Maduka ya dawa, gereji, vinyozi, kliniki ya meno yenye jino kubwa linalocheka, yote yalipita mkononi mwangu, na sikuwahi kushika rula. Vijana wa siku hizi wanabonyeza kitufe, mashine inatapika bango la plastiki, nao wanajiita wachoraji. Haya, na wajiite. Mstari wa mkono ukiuona unaujua.

Nasema haya mapema ili mnielewe nilivyotendwa. Na aliyenitenda si adui wala si jirani. Ni mjukuu wangu, mtoto wa miaka kumi na miwili, ninayemwita Sisimizi kwa sababu tangu alipoanza kutambaa hajatulia bila kubeba kitu kukitoa hapa kukipeleka pale. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Changu kilikuwa kwenye hariri.

Mwaka jana niliteleza kwenye ngazi za nyumbani kwangu. Ngazi tatu, si kumi kama binti yangu anavyosimulia. Tangu mke wangu afariki naishi peke yangu katika nyumba tuliyoijenga wawili: chumba cha kulala juu, jiko chini, na nyuma karakana ambayo mpaka leo inanuka tapentaini. Binti yangu, mama yake Sisimizi, alikuja siku ya pili yake na uso wake wa kazini. Kazi yake ni kutahini madereva. Amewafelisha wanaume wazima wakashuka garini wanalia, na yeye hajapandisha sauti hata siku moja. Alikaa kwenye kiti changu akasema, "Baba, uhamie kwangu."

"Nikafanye nini?"

"Ukae. Ule. Mkono wako unatetemeka, nimeuona ukimimina chai."

"Chai ilikuwa ya moto."

"Baba."

Hapo ndipo nilipojipalia makaa, na hakuna aliyenishika mkono. "Sikiliza, mama," nikamwambia. "Mkono wangu haupimwi kwa chai, unapimwa kwa mstari. Siku mstari wangu ukikatika, nitafunga sanduku mwenyewe na hutanisikia nikilalamika. Lakini ukiwa mzima, mniache kwenye nyumba yangu." Akasema sawa. Mtu wa mitihani ukimpa mtihani umemaliza naye.

Tatizo ni kwamba mabango nilishaacha. Mstari ningeuonyesha wapi? Sisimizi ndiye aliyeleta jibu. Katika ukumbi ulio nyuma ya maktaba kulikuwa na darasa la kuchora kwenye hariri, kila Jumamosi asubuhi, la mabibi na mababu pamoja na wajukuu wao. Nilicheka. Mimi niliyechora ukuta mzima wa kiwanda cha sabuni, nikachore vitambaa vya shingoni? Lakini nilikwenda, na nisidanganye, nilipenda kuliko nilivyotaka kupenda.

Kazi yenyewe iko hivi. Kipande cha hariri nyeupe kinavutwa kwenye fremu ya mbao na kubanwa kwa pini mpaka kikaze, ukikigonga kwa kidole kinaitika. Kisha unachora mstari kwa gundi isiyo na rangi, inayotoka kwenye kichupa chenye mdomo mwembamba kama sindano. Gundi ikikauka inakuwa ukuta. Rangi ya hariri ni maji matupu. Ukiigusisha kwa brashi inakimbia yenyewe mpaka ikutane na ukuta, na hapo inasimama. Ukuta ukiwa na tundu, hata la kupitisha unywele, rangi inapenya kwa jirani na hakuna namna ya kuirudisha. Nimeona bahari ya mtu ikipanda mlimani.

Mwalimu wa darasa, mwanamke mrefu mwenye aproni yenye madoa ya kila rangi, alikuwa na sheria moja aliyoirudia kila wiki: mstari ni wa mkubwa, rangi ni ya mdogo. Mkubwa akishachora, anatoka kwenda uani kunywa chai na wenzake. Mdogo anabaki kukausha gundi kwa mashine ya kukaushia nywele, kisha ananyanyua fremu dirishani na kukagua mstari kwenye mwanga. Akiona tundu haruhusiwi kuligusa. Anakwenda kumwita mkubwa wake, na mkubwa anakuja kuliziba mwenyewe, mbele ya watu. Mwalimu alisema ndivyo watoto wanavyojifunza kuangalia, na wazee wanavyojifunza kuangaliwa. Maneno mazuri, kama si wewe unayeitwa.

Maana walikuwa wanaitwa kweli. Tumekaa uani, vikombe magotini, mjukuu anatokea mlangoni: "Bibi, matundu manne." Bibi anaweka kikombe chini, anakwenda. Kulikuwa na mzee mmoja aliyekuwa fundi saa, mtu aliyeishi kwa vidole vyake, siku moja aliitwa mara tatu kabla chai yake haijapoa. Mimi sikuitwa. Sisimizi alikuwa anachungulia, anasema, "Babu, hakuna tundu," nami naongeza sukari.

Mnaweza kukisia kichwa kilivyovimba. Niliwaeleza wenzangu namna ya kushika pumzi kabla ya kona. Nilimkamata fundi saa pembeni nikamfundisha kushika kichupa, nikampigapiga begani kabisa, nikamwambia asikate tamaa, mkono ni mazoezi. Alinishukuru. Kila nikikumbuka natamani ardhi ipasuke.

Kila mwisho wa mwezi binti yangu alikuwa anakuja nyumbani kwangu, anachukua hariri iliyomalizika, anainyanyua dirishani kwa mikono miwili na kuikagua kama anavyokagua leseni. Mimi nimesimama nyuma yake najifanya nasoma gazeti. Sisimizi amekaa ngazini anakula karanga. Kisha ile sauti tulivu: "Mstari mzima. Haya, Baba, mwezi mwingine." Hivyo hivyo kwa miezi saba. Nililala vizuri miezi hiyo. Nilikuwa napanda ngazi zangu huku napiga mluzi.

Sasa, wenye maduka hawakuwa wakiniruhusu kuweka jina langu kwenye mabango yao. Walisema bango ni lao. Kwa hiyo nilikuwa naacha kitundu, ukubwa wa punje ya mchele, kwenye herufi moja, mahali ambapo mwenye duka hataangalia. Hiyo ndiyo ilikuwa sahihi yangu. Mke wangu peke yake ndiye aliyejua. Tukipita njiani alikuwa anakitafuta, akikipata ananifinya mkono, wala hasemi kitu.

Mwezi wa saba nikajiambia, mkono umerudi, na sahihi irudi. Nilikuwa nimechora samaki, nikaacha kitundu kwenye mkia. Rangi ingetoka kidogo tu, tone moja. Sikumwambia Sisimizi makusudi. Nilijua atakiona dirishani, atakuja kuniita, na hapo nitawaeleza wote pale uani kwamba lile si kosa, ile ni sahihi ya fundi. Hotuba nilishaiandaa. Sisimizi akatokea mlangoni. "Babu, hakuna tundu."

Tukatia rangi. Ilifika mkiani ikasimama. Nikadhani labda nimesahau kuacha.

Jumamosi iliyofuata nikachora korongo amesimama kwenye nyasi, na mara hii sikutaka kubahatisha. Niliacha matundu matatu, yenye afya, ambayo hata kipofu angeyapapasa: moja kwenye mdomo wa ndege, moja kwenye bawa, moja chini ya mguu. Nikaenda uani, nikapokea kikombe, nikanywa mafunda mawili, kisha nikawaambia wenzangu nakwenda msalani. Nikarudi kwa mlango wa pembeni.

Sisimizi alikuwa dirishani. Fremu ameiegemeza kwenye kioo, ulimi umetoka kidogo kama anavyofanya akihesabu, na mkononi ana kichupa cha gundi. Kichupa changu. Aliziba mdomo wa ndege. Akaziba bawa. Akaziba mguu. Nikangoja akiweke chini, lakini hakukiweka. Akaendelea na mgongo, shingo, nyasi moja baada ya nyingine. Aliupita mstari wangu wote, hapa kidogo, pale kidogo, haraka na bila kusita, kwa mkono wa mtu aliyeizoea hiyo kazi. Kisha akaipuliza gundi kwa mashine, akafuta mdomo wa kichupa kwa pindo la blauzi, akakirudisha pale pale nilipokiacha, hata upande ule ule.

Mtu mwenye akili angejiuliza kwa nini. Mimi damu ilishapanda. Nilichokiona ni mtoto anayechorachora juu ya kazi ya babu yake kwa siri, anayevunja sheria ya darasa, na anayenidanganya usoni kila Jumamosi. Nilirudi kukaa uani. Sisimizi akatokea mlangoni.

"Babu, hakuna tundu."

"Hata moja?"

"Hata moja," akasema, na aliniangalia machoni kabisa.

Njiani kurudi kwao yeye alizungumza njia nzima, kama rangi ya majivu ya korongo ichanganywe na bluu au iachwe hivyo, kama nyasi ziwe na manjano. Nilikuwa naitikia kwa pua. Nilijisikia kama mtu aliyekuta mlango wa nyumba yake umefunguliwa na kila kitu kimo mahali pake, anajua tu kwamba kuna mtu alikuwa ndani.

Mezani, binti yangu alikuwa ametupakulia wote. Nilingoja mpaka akae.

"Mwanao ni mwongo," nikasema.

Sisimizi akaacha kutafuna.

"Amefanya nini?" binti yangu akauliza.

"Muulize mwenyewe."

"Nakuuliza wewe, Baba."

Chini ya meza mguu mdogo ulinigusa. Mara moja, kisha mara ya pili, kwa nguvu. Nikajua anaomba nisimchongee, nikavuta mguu wangu pembeni.

"Anagusa mstari wangu. Mimi nikitoka kwenda kunywa chai, yeye anachukua gundi anapita juu yake. Nimemwona leo kwa macho haya. Anapita kila mahali, mama, kila mahali. Halafu anakuja ananiambia hakuna tundu. Mtoto niliyemfundisha kushika brashi, amenisaliti."

"Babu, basi," Sisimizi akasema, kwa sauti ya chini.

"Basi nini? Wewe ulipokuwa unanidanganya ulisema basi?"

Binti yangu aliweka kijiko chini. Hakumwangalia mtoto. Aliniangalia mimi, na macho yake hayakuwa ya kazini.

"Baba," akasema, "alikuwa anaziba nini?"

"Matundu yangu. Matatu, niliyaacha makusudi, ni sahihi yangu ya..." Nikaanza kueleza habari za mabango na herufi na punje ya mchele. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Hayo matatu nimeyaelewa," akasema. "Umesema kila mahali. Na mengine?"

Hasira hasara, nimewaambia vijana wengi maneno hayo karakanani, lakini siku hiyo hayakunijia. Badala ya kunyamaza nikasema, "Leteni fremu."

"Si lazima, Baba."

"Ni lazima. Leteni fremu na gundi, niwaonyeshe."

Sisimizi hakuinuka. Mama yake alikwenda mwenyewe chumbani kwa mtoto, akarudi na fremu ndogo ya mazoezi na kisanduku cha vifaa. Alisogeza sahani. Nilichukua kichupa, nikashika pumzi, nikachora duara. Nimechora maduara ya gereji za matairi kwa mkono mtupu, watu wakiacha shughuli zao kusimama kutazama. Hili nililianza juu, nikalizungusha, nikalifunga pale pale nilipoanzia. Kwa macho yangu lilikuwa zima. Naapa lilikuwa zima. Binti yangu alilikausha kwa mashine.

"Tia rangi," nikamwambia Sisimizi.

Alitikisa kichwa.

"Tia rangi, nimesema."

"Sitaki."

Nikachovya brashi kwenye bluu nikaigusisha katikati mwenyewe. Rangi ikakimbia kama kawaida yake, pande zote, ikafika ukutani, ikasimama. Nilikuwa karibu kutabasamu. Kisha ikatoka kwa juu. Ikatoka kushoto, ikatoka chini mahali pawili, ikatoka pale nilipokuwa na hakika kuliko pote. Ikaendelea kutembea, taratibu, mpaka ikafika kwenye pini, na duara langu likawa doa lisilo na sura.

Nikasema gundi ni ya zamani. Nikasema meza inacheza. Binti yangu aliweka kiganja juu ya meza akaisukuma, na meza haikucheza. Mkono wangu wa kulia ulikuwa umelala kando ya sahani, nikauona. Sijui kama niliwahi kuuangalia tangu nilipoteleza ngazini. Ulikuwa unatetemeka peke yake, bila kuniuliza.

"Nilikuwa najua," binti yangu akasema. "Tangu mwezi wa pili. Ukiinyanyua hariri kwenye mwanga inaonyesha. Mahali mstari ni mnene, mahali ni mwembamba. Mwembamba ni wa mtoto."

"Na ulisema mstari mzima."

"Ulikuwa mzima."

"Mama, usinichezee."

"Nikwambie nini? Ulikuwa unapiga mluzi. Miaka miwili kabla ya hapo sikukusikia ukipiga mluzi." Alijifuta uso kwa kanga ya begani, haraka. "Nilijipa mpaka mwisho wa mwaka. Nilikuwa nakupigia simu kila asubuhi kusikia kama umeshuka ngazi salama, ukadhani nina hamu na wewe. Ungenyamaza, Baba, na mimi ningenyamaza. Sasa umesema mwenyewe, mezani kwangu, na umenionyesha. Ukianguka kesho nitamwambia nani kwamba sikujua?"

Basi nilikuwa nimevishwa kilemba cha ukoka, tena na wawili, mmoja ananifunga kwa mbele, mwingine kwa nyuma, nami natembea nacho mjini nafundisha watu. Sitasema nilishukuru. Nilitaka kuvunja sahani. Mtu akikuibia unajua umeibiwa, unapiga kelele, watu wanakuja. Hawa walinipa kitu kisicho changu kwa miezi saba, nikakizoea, na siku nilipokigusa kikaondoka na nyumba.

"Wiki mbili," nikasema. "Nitafunga sanduku." Neno ni neno, hata ukilitoa kwa ujinga.

Halafu nikauliza swali ambalo kwa miezi saba sikulifikiria, maana sikukusudia kuhama. "Nitalala wapi?"

"Chumba cha Sisimizi," binti yangu akasema. "Yeye atahamia kwa mdogo wake."

Sisimizi aliinuka, akabeba sahani yake jikoni, na hakurudi.

Hilo la chumba nilikwenda nalo nyumbani nikalitafuna wiki mbili. Chumba chenyewe nakijua. Kina dirisha moja na meza iliyopigiliwa na baba yake kabla hajasafiri kikazi, na mtoto alikisubiri miaka mitatu mpaka akapewa. Mdogo wake ana miaka minne na bado anakojoa kitandani. Kwa hiyo mambo yalikuwa wazi, au niliona yako wazi. Hakuwa ananilinda mimi. Alikuwa analinda kitanda chake. Mimi na mstari wangu tulikuwa kitasa tu cha mlango wa chumba chake. Nilikuwa nafunga vikombe kwenye magazeti, nikifika kwenye wazo hilo nasimama katikati ya jiko na kikombe mkononi.

Jumamosi ya katikati nilikwenda darasani peke yangu. Sisimizi alisema ana kazi za shule. Nilichora jani moja, jepesi, nikaenda uani. Chai haijafika mdomoni, mwalimu mwenyewe akatokea mlangoni. Alisita kidogo, mwanamke wa watu, kisha akasema, "Mzee, matundu kumi na tisa." Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo baya zaidi. Nilikwenda kuyaziba mbele ya watu. Kwenye la nne kichupa kilianza kuruka ruka kwenye hariri, na fundi saa akaja akanishika kifundo cha mkono, akaniambia kwa upole, "Shika pumzi kabla ya kona." Maneno yangu, neno kwa neno. Nikamshukuru.

Siku ya kuhama nilifika alasiri na masanduku mawili. Binti yangu alikuwa nje anamwelekeza dereva wa pikapu namna ya kurudi nyuma, na maskini yule hakujua anafundishwa na nani. Niliingia na sanduku dogo mpaka chumbani. Sisimizi alikuwa amesimama juu ya kiti anabandua michoro yake ukutani. Vitabu vyote vilishaondolewa mezani. Kitanda kilikuwa kimetandikwa shuka safi, na kwenye ukuta karibu na mto kulikuwa na alama za gundi mahali picha zilipokaa.

Nilikaa kitandani. Hatukuwa tumezungumza tangu siku ile ya mezani, ukiacha shikamoo na marahaba.

"Nakuuliza kitu," nikasema. "Na useme kweli, sitakasirika."

Aliendelea kubandua.

"Ulikuwa unaziba yale matundu kwa sababu ya chumba hiki?"

Kucha zake zilikuwa zinakwangua kona ya karatasi.

"Mwanzo ndiyo," akasema. "Mwanzo ilikuwa chumba."

Iliniuma, lakini nilijua si yote. Alisema mwanzo. Mtu hasemi mwanzo kama hakuna kilichofuata, na mimi, mzee mzima, nilikuwa nimekaa pale na njaa ya hicho kilichofuata. Nilitaka aseme kwamba baadaye ilikuwa mimi. Nilikuwa na msamaha wote tayari mdomoni, kama ile hotuba ya uani.

"Halafu?" nikamuuliza.

Alishuka kwenye kiti. Alipanga michoro yake, akaigongagonga mezani mpaka kingo zikalingana, akachukua na mto wake kitandani.

"Halafu ukanisemea kwa Mama," akasema.

Hakusema kwa hasira. Alisema kama anavyosema hakuna tundu. Kisha akaniuliza kama chakula nitakula huku chumbani au mezani na wao, nikamwambia mezani, akaenda kumwambia mama yake.